Twende kilioni: shajara ya potifolio yangu ya AP

Alhamisi, 22 Agosti 2024

Shule imefunguliwa leo, na kabla hatujashika hata penseli mwalimu wa sanaa ametugawia madaftari. Kila wiki tuandike tulichofanya, kilichoharibika na tutakachojaribu. Wasahihishaji hawatayaona, ila bila daftari, anasema, Aprili itatukuta tunatunga uongo. Nimemwuliza kama naweza kuandika Kiswahili. Akasema lugha ni yangu, yeye anachotaka ni tarehe.

Kwa atakayelifungua akajiuliza AP ni mdudu gani: ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari huku Marekani, chini ya shirika liitwalo College Board. Hesabu, historia, baiolojia, yote yana mtihani wa Mei wa kukaa ukumbini ukikimbizana na saa. Sanaa haina. Unatuma kazi ulizofanya mwaka mzima, basi. Mkusanyo huo ndio potifolio, nazo ziko za aina tatu: ya uchoraji, ya usanifu wa bapa, na ya vitu vya kuumba na kusimamisha. Nimechagua uchoraji. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni picha 15 zinazofuatilia swali moja tu ulilojiuliza mwenyewe, nayo inabeba asilimia 60 ya alama. Ya pili ni kazi 5 unazoziona bora kuliko zote, asilimia 40. Alama ya mwisho ni kati ya 1 na 5.

Nyumbani mama kaniuliza swali lake la kila kitu: "Ina faida gani?" Nikamweleza kwamba hapa Ohio ukipata 3 au zaidi, chuo chochote cha umma lazima kikuhesabie somo hilo. Hapo akaanza kupiga hesabu ya ada, akatulia. "Haya, chora." Kuchora anakokujua yeye ni kule kwa shule ya msingi, Temeke: chungu na ua, chungu na ua.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepeleka nilichonacho. Nyuso sita za penseli, nilizozichora likizo nzima, kope moja moja. Ya Bibi ilinichukua wiki mbili. Wenzangu waliizunguka wakaipiga picha na simu zao. Mwalimu akazipitia zote kimya, mwishowe akaniuliza, "Zinauliza nini?"

Sikuwa na la kusema. Nikajitetea kwamba zinaonyesha uzuri wa mwanamke wa Kiafrika. Akasema hilo ni jibu, na ni jibu la kila mtu. Swali liko wapi? Kisha akataka kujua kama yule msichana wa tatu nilimpiga picha mwenyewe. Hapana, nilimtoa mtandaoni. Basi huyo haingii: kunakili picha ya mtu mwingine kama ilivyo, kwa sheria za AP, ni wizi. Na programu za akili mnemba ndiyo kabisa, hazitakiwi katika hatua yoyote.

Nimerudi nyumbani na nyuso tano na hasira.

Jumamosi, 14 Septemba

Mama anasukia chumba cha chini ya nyumba. Kiti kimoja cha saluni, kioo, viti vitatu vya plastiki, na mimi. Jumamosi kazi yangu ni kuchambua rasta, kuzivuta nyuzi ncha zisilingane ili msuko uishie mwembamba badala ya kukatika ghafla kama ufagio.

Leo badala ya rasta nilitazama mkono wake. Anachovya ncha ya kitana cha mkia kwenye mafuta ya nazi, anaiweka juu ya paji la uso, anavuta mara moja hadi kisogoni bila kuinua. Njia inatokea, ngozi inang'aa. Hana rula, wala hakupima popote. Akishavuta anakiinamisha kichwa cha mteja kwa vidole viwili, anafumba jicho moja, anatazama. Ikiwa imepinda anaifuta kwa kiganja, anachana, anavuta upya.

Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, na leo ndipo nimeona kwamba mama yangu anachora. Tena mstari wake hauongezi kitu juu ya kichwa. Unatenga. Mstari ni pale ambapo nywele hazipo.

Niliacha rasta nikapanda juu kuandika haya. Ameniita mara tatu.

Jumanne, 24 Septemba

Swali limekataliwa mara nne. La kwanza lilikuwa "Nywele zina maana gani katika utamaduni wa Kiafrika?" Mwalimu akasema Afrika haienei kwenye karatasi 15. La pili na la tatu nisiyaandike, nitaona aibu. La nne lilikuwa zuri kwa kusoma lakini halikuwa na la kufanya. Swali la potifolio, anasema, lazima uweze kulijibu kwa mkono.

Usiku nikamwomba mama anitajie majina ya misuko anayoikumbuka ya utotoni. Mabutu. Vitunguu. Yeboyebo. Twende kilioni. Hapo nikamsimamisha. Twende kilioni ni njia za kawaida tu zinazoelekea kisogoni, nywele zako mwenyewe, hakuna rasta, hakuna madoido. Unasukwa upesi, kana kwamba habari ya msiba imekukuta na basi linaondoka. "Na hakuna anayeulipia," mama akasema. "Huo ni wa jirani kwa jirani."

Swali lililokubaliwa mwishowe: mstari unaochorwa kwa kuondoa na kufumua, unaweza kubeba nini ambacho mstari wa kuongeza hauwezi?

Jumamosi, 5 Oktoba

Karatasi ya kwanza. Nimeipaka yote mkaa wa kuchorea wa mti uitwao willow, ule mwepesi unaovunjika ukiutazama vibaya, mpaka ikawa nyeusi pembe hadi pembe. Halafu nikakinyonga kifutio laini, kile kinachofinyangika kama tonge la ugali, nikakifanya ncha, nikaanza kupiga njia.

Ya kwanza ilipinda, na ya pili. Ya tatu ikanyooka lakini kifutio kilikuwa kimeshiba mkaa, kikaanza kupaka badala ya kufuta. Inabidi kukifinyanga upya kila baada ya mistari miwili. Mama anapaka mafuta kila njia. Nilidhani ni urembo, kumbe ni ili kitana kiteleze. Kila fani na mafuta yake.

Jumatano, 23 Oktoba

Karatasi za 2, 3 na 4. Ya 3 mbaya. Endelea.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefanya kosa.

Mama ana chanuo la mti alilokuja nalo kutoka Tanga, lenye meno marefu, halitumiki kwa wateja. Nilitaka kujua kama chombo cha msusi kinaweza kuchora bila kupitia kalamu. Nikalichovya kwenye wino mweusi nikaliburuta juu ya karatasi iliyolowa maji. Ilitoka ajabu: mistari tisa kwa mpigo mmoja, inasogeleana na kuachana jinsi unavyozungusha kifundo. Nikapagawa. Nikakandamiza zaidi, na jino moja likakatika. Nikaendelea, likakatika la pili.

Nililisafisha usiku kucha kwa sabuni, wino haukutoka. Asubuhi nikampelekea kwa mikono miwili. "Mama, nisamehe." Alilishika, akapitisha kidole palipokuwa na meno, akaliweka juu ya friji. Hakusema neno hadi jioni, na jioni alichosema ni, "Ulikuwa na vitana kumi na viwili vya plastiki humu ndani."

Picha niliyoitoa na chanuo bovu ina pengo la upana wa meno mawili linalotembea na mistari yote. Linaonekana kama njia. Sijui nifurahi au nifanyeje. Nimeipa namba 6.

Jumapili, 8 Desemba

Darasa zima tumekwenda Columbus Museum of Art, siku ya kiingilio cha bure. Mwalimu alitaka tuone kazi za Aminah Brenda Lynn Robinson, mzaliwa wa mji huuhuu, 1940, aliyekulia Poindexter Village, nyumba za serikali za upande wa mashariki. Alifariki 2015 akaiachia makumbusho hiyo kila kitu: kazi, madaftari, hata nyumba.

Nilidhani nitatazama dakika tano kwa adabu. Nimekaa saa nzima. Mama huyu alikuwa na udongo wake aliofundishwa na baba yake kuuchanganya, matope, gundi, mafuta ya nguruwe na vijiti, akiuita hogmawg. Halafu kuna vitambaa vyake virefu vya vifungo, vipande vya nguo na nyuzi, ambavyo alivishona kwa miaka, vingine kwa makumi ya miaka, anarudia, anaongeza, hakubali kwamba vimekwisha. Alivipa jina lake mwenyewe, RagGonNon.

Nilichoondoka nacho ni kidogo tu. Mimi nilikuwa namaliza karatasi moja naweka pembeni, naanza nyingine, kama mtu anayejaza fomu. Na msuko wenyewe haumaliziki hivyo. Baada ya wiki sita unafumuliwa, kichwa ni kilekile.

Jumatano, 15 Januari 2025

Theluji hadi kifundoni. Karatasi ya 7, ile kubwa, sentimita 60 kwa 90, kichwa cha mteja kwa nyuma chenye njia kumi na nne, niliikunja mviringo nikaipeleka shule kwa basi. Sikuwa nimeipulizia dawa ya kushika mkaa kwa sababu kopo la darasani limekwisha tangu Novemba. Basi lilijaa, nikaibana kwapani.

Nilipoikunjua mezani ilikuwa kijivu. Yote. Njia kumi na nne zimekwenda, umebaki ukungu, na ukitazama kwa ubavu unaona mahali zilipokuwa, kama barabara chini ya maji. Wiki tatu za kazi. Nililia mbele za watu, tena kwa sauti.

Jioni nilimsimulia mama nikitegemea pole. Alikuwa na mteja kitini, hakugeuka. "Si unafumua tu? Umeona lini mtu analilia msuko? Unafumua, unachana, unaanza."

Nikasema karatasi si nywele.

"Ulisema ni nywele," akanijibu. Mteja akacheka hadi akainua kichwa, mama akakirudisha chini.

Jumatatu, 20 Januari

Leo ni sikukuu ya Martin Luther King, shule imefungwa, nimeshinda chini sakafuni na ile karatasi. Sikuifuta iliyobaki. Niliacha ule ukungu, nikapiga njia mpya juu yake, nikageuza mwelekeo: badala ya kwenda kisogoni zinazunguka. Mistari ya zamani inaonekana chini ya mipya, na inabishana nayo. Nywele zilizofumuliwa hufanya hivyohivyo, hubaki na mawimbi ya msuko uliopita siku mbili tatu, na msusi akizikuta anajua kichwa hiki kilikuwa na nini.

Nimeipiga picha. Halafu nikafanya jambo ambalo mwezi uliopita nisingelithubutu: nikachukua kitambaa kikavu, nikaifuta tena kwa makusudi, nikaanza upya. Nikapiga picha. Nikafuta.

Mara nne kwa jumla. Karatasi imeanza kuota manyoya pale kifutio kilipopita sana, nayo hayo nimeyaacha. Picha za hatua zinaruhusiwa kuingia kwenye zile 15, kwa hiyo karatasi hii moja inaweza kutoa mbili au tatu.

Kuhusu dawa: mama ana makopo manne ya spreya ya nywele. Nilijaribu pembeni, inashika. Mwalimu amenionya kwamba baada ya miaka itageuka njano. Ni picha ya nywele iliyoshikwa kwa spreya ya nywele. Sioni la kulalamikia.

Alhamisi, 13 Februari

Mwalimu ametusomea vigezo upya. Sehemu ya uchunguzi, ile ya picha 15, inapimwa kwa mambo manne: swali; mazoezi, majaribio na marekebisho; vifaa, njia na wazo kushikana; na ustadi wenyewe wa kuchora. Ustadi ni kimoja kati ya vinne. Nimezifikiria zile nyuso zangu sita na kope zake. Mwenzangu mmoja bado anachora hivyo, magari yanayong'aa kama ya kwenye kalenda, na kila mtu anamsifu, na mimi simo katika kumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Bibi mdogo amefariki Tanga, jana alfajiri ya huko.

Simu ilikuja mama akiwa katikati ya kichwa cha mtu. Akamaliza kichwa. Akapokea pesa, akamsindikiza mteja hadi mlangoni, akamwambia asilowanishe nywele siku mbili. Akarudi akakaa kwenye kiti cha wateja, kile ambacho hajawahi kukikalia, akaanza kufumua rasta zake mwenyewe alizozisuka wiki iliyopita kwa ajili ya harusi ya mwezi huu. Tiketi hatuwezi, wala hapakuwa na haja ya kuizungumza. Msiba tutaufuata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, sauti za watu tusiowaona wakisoma Yasini, na picha za turubai.

Nilikaa upande wa pili nikafumua na mimi. Ilituchukua hadi saa sita usiku. Rundo la rasta sakafuni lilifika magotini. Alipomaliza akachana, akanipa kitana. "Nisuke twende kilioni."

Sijawahi kumsuka mama. Nywele zake ni laini kuliko zangu na mvi zimejificha ndani, karibu na ngozi. Njia ya kwanza nilivuta ikapinda sikioni. Nikataka kufuta, akanishika mkono. "Acha. Nani atanitazama?" Nilipiga njia nane, hakuna iliyonyooka. Alikuwa akisikiliza simu kwenye mapaja.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda shule. Nimechora karatasi ya 13 bila picha, kwa kukumbuka vidole vilivyokuwa vinafanya nini. Njia nane, ya kwanza imepinda kuelekea sikioni. Kwenye ncha ya chini, nywele zinapoisha kabla ya shingo, sikujua nifanyeje, nikaacha mkaa uishe wenyewe.

Mama kaiona akipita na kikapu cha nguo. Akasimama. "Ile ya kwanza umeipindisha zaidi ya ilivyokuwa," akasema, akaendelea.

Alichosema ni kweli. Sikurekebisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Kupiga picha kazi 15 ni kazi ya kumi na sita. Taa ya dari inatia rangi ya chai, na simu inajipiga kivuli yenyewe. Nilichofanikiwa nacho: karatasi imebandikwa ukutani kando ya dirisha la kaskazini, saa nne asubuhi, siku ya mawingu, shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Karatasi nyeusi simu inazifanya kijivu. Lazima uipunguzie mwanga kwa kidole. Kila picha inataka vipimo, vifaa na njia uliyotumia, vifaa herufi 100, njia herufi 100. "Mkaa, kifutio, kitambaa, spreya ya nywele." Nimeangalia mara mbili kama spreya naiweka. Naiweka.

Ijumaa, 18 Aprili

Maelezo ni mawili, kila moja herufi 600, nafasi zikihesabiwa, na kwa Kiingereza. La kwanza ni swali lililokuongoza, la pili ni jinsi ulivyofanya mazoezi, ukajaribu, ukarekebisha. Nimeandika kwanza Kiswahili ili nijue nasema nini. "Nilikifumua" ni neno moja lenye mtu, wakati, kitu na tendo. Kwa Kiingereza limenila maneno manne, na bado halisemi kwamba kilichofumuliwa kinabaki na mawimbi. Nimelazimika kulieleza hilo kwa sentensi nzima. Herufi 84. Nikaondoa mwalimu, nikaondoa makumbusho, nikaondoa Tanga.

Twende kilioni nimeiacha hivyohivyo kwa Kiswahili, na sikuitafsiri. Mwalimu akasema msomaji hataelewa. Nikamwambia picha namba 13 iko chini yake.

Ijumaa, 2 Mei

Nimetuma. Mwalimu alituwekea tarehe yake kabla ya ile ya College Board, kwa kuwa kila mwaka kuna mmoja ambaye intaneti humkatikia dakika ya mwisho. Kazi 5 teule nilizoweka: ya 1 (mwalimu hakuipenda, mimi naipenda), ya 6 ya chanuo, ya 7 katika hali yake ya nne, ya 11 na ya 13. Matokeo ni Julai. Wanaosahihisha hawajui jina langu wala shule.

Chanuo bado liko juu ya friji. Leo nimeona lina mafuta mapya.

Jumamosi, 17 Mei

Mama ameomba "yale makaratasi" ayabandike ukutani saluni, panafichwa bomba la maji linalovuja. Nikambandikia manne. Ile ya 13 hakuitaka hapo, ameiweka chumbani kwake.

Saa tano akaja mama mmoja wa Bukavu, mteja wa siku nyingi. Akaketi, akaulizwa anasuka nini leo, naye akainua kidole kuelekea karatasi ya 7, ile iliyofumuliwa mara nne, njia zinazunguka juu ya njia zinazokwenda kisogoni juu ya njia nyingine ambazo hata mimi sizijui tena.

"Ile njo nataka."

Mama akaitazama picha, akanitazama mimi. "Hiyo haisukiki, dada yangu. Huyu kachora vichwa vinne kwenye kichwa kimoja."

"Basi unisukie kimoja kati ya vile."

Mama akasogea hadi ukutani, akafumba jicho moja, akafuatisha mstari mmoja kwa kidole bila kuigusa karatasi, kutoka utosini, kuzunguka, hadi nyuma ya sikio. Akarudi. Akachovya ncha ya kitana kwenye mafuta ya nazi.

"Njoo unishikie hapa," akaniambia, "unionyeshe huu unapitia wapi."